Maswali Yenu ya Jikoni: Baga Yenye Ladha ya Nyama, Si Kababu Ndani ya Mkate

Tangu tuahidi kuandika juu ya baga za nyumbani, barua zimetufikia kutoka Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Tandahimba, Lindi na Nachingwea. Nyingi zina kilio kimoja: baga inatoka kavu na ngumu, inanukia viungo, lakini ukiitafuna hupati utamu wa nyama yenyewe. Tumepanga maswali kuanzia buchani hadi mezani, na yaliyofanana tumeyajibu pamoja. Vipimo vya nyama ni vya kilo moja, inayotoa baga nane za gramu 125.

SWALI: Shikamooni. Natengeneza baga kwa mchanganyiko ule ule wa kababu: yai, chenga za mkate, tangawizi, kitunguu saumu, bizari nzima, majani ya giligilani na ndimu. Wanangu wanasema hii ni kababu tu, imewekwa kwenye mkate. Nirekebishe wapi? (Mama wa nyumbani, Shangani, Mtwara)

JIBU: Marahaba, mama. Wanao wana ulimi mzuri, wasikilize. Kababu ni chakula kizuri, lakini sifa yake ni kushikana, na ladha yake inabebwa na viungo. Baga inatakiwa iwe imelegea, ivunjike kirahisi mdomoni na kutoa mafuta yake. Kila kitu kinachosaidia kababu kinaiharibu baga.

Anza na chumvi, kwa sababu ndiyo inayoleta madhara makubwa na watu wengi hawaishuku. Chumvi ikichanganywa ndani ya nyama ya kusaga inayeyusha protini iitwayo miosini. Protini hiyo hunata, na ikipata joto hukaza. Watengeneza soseji huitaka kazi hiyo, ndiyo maana hutia chumvi na kukanda. Ukitia chumvi kwenye nyama ya baga, ukaikanda, ukaiacha nusu saa, umetengeneza soseji isiyo na ngozi: inadunda ukiibonyeza na inateleza kwenye meno. Kwa hiyo chumvi ya baga huwekwa juu tu, pande zote mbili, dakika moja kabla nyama haijagusa kikaango. Kwa kilo moja inatosha gramu 8 hadi 10, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi laini, ukigawanya kwa baga zote nane. Kama unatumia chumvi ya mawe inayovunwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu, itwange kwanza, kwani chembe kubwa haziyeyuki kwa wakati na hudondoka kikaangoni.

Yai na chenga za mkate viache kabisa. Nyama yenye mafuta ya kutosha, iliyokaa kwenye baridi, hujishikilia yenyewe. Ndimu hupikisha nyama kwa ukali wake na kuifanya ikamue maji kabla ya moto. Kitunguu kibichi ni maji karibu yote: kinafungua nyufa ndani ya nyama na kuigeuza iive kwa mvuke. Kitunguu saumu kilichoko juu ya nyama kinaungua na kuwa kichungu muda mrefu kabla nyama haijawa rangi ya hudhurungi. Viungo hivyo vyote vina kazi yake kwenye sosi na kachumbari. Juu ya nyama weka chumvi na pilipili manga iliyotwangwa punde, basi. Na mchuzi mix wa pakiti usiuguse, maana una chumvi na wanga, na wanga huo hushika kikaango na kuungua.

SWALI: Nikienda buchani naomba steki tupu kwa sababu ni nyama nzuri isiyo na mafuta, tena bei yake juu. Mbona baga yake kavu kama kiatu? (Msomaji, Lindi mjini)

JIBU: Kwa sababu haina mafuta. Ng'ombe wengi wanaochinjwa kwetu ni wale wenye nundu, wanaolishwa majani na kutembea sana. Nyama yao ina ladha nzito, na sisi tunaiona ni bora kwa baga kuliko nyama laini ya kigeni ya kwenye majokofu ya maduka makubwa, lakini ina mafuta kidogo ndani yake. Baga inahitaji mafuta yapatayo asilimia 20. Chini ya asilimia 15 inakauka, hata uipike kwa uangalifu wa namna gani. Zaidi ya 25, inasinyaa na kuogelea.

Mwambie mwenye bucha akukatie gramu 800 za nyama ya mkono au shingo, isiyo na mfupa, na gramu 200 za mafuta kutoka kidarini. Hesabu yake ni hii: nyama ya mkono ya ng'ombe wetu ina mafuta kama asilimia 5, hiyo ni gramu 40. Kipande cha mafuta chenyewe kina maji na nyuzi ndani yake, kwa hiyo gramu 200 zinakupa mafuta halisi kama 160. Jumla gramu 200 ndani ya kilo, ndiyo asilimia 20 yenyewe.

Kwa nini mkono na shingo? Ni misuli inayofanya kazi kutwa, ina nyuzi nyingi na ladha kali, na ugumu wake unamalizwa na mashine. Sarara ni laini lakini ladha yake ni hafifu, kuisaga ni kutupa pesa. Nundu nayo inafaa sana, kwa kuwa nyama na mafuta vimeshachanganyika humo. Ukiipata, tumia nusu nundu, nusu mkono, kisha angalia kwa macho: weupe uwe kama sehemu moja kwa nne au tano za wekundu.

Kuna mafuta ya kukataa. Shahamu ngumu inayozunguka figo huyeyuka kwa joto la juu na kuganda upesi, na mlaji hubaki na utando mdomoni. Mafuta ya kidari ni laini zaidi na huyeyuka vizuri. Wauza nyama wengi hukupa shahamu ya figo ukisema tu "niongezee mafuta", kwa hiyo taja kidari kwa jina.

Na tafadhali usiombe mchanganyiko halafu ukaanza kuchambua mifupa nyumbani. Utapata vipande vya viungo tofauti, chenga za mfupa kutoka kwenye shoka, na hesabu ya mafuta itakupotea.

SWALI: Nisage buchani au nyumbani? Na asiye na mashine afanyeje? (Msomaji, Masasi)

JIBU: Nyumbani ni salama zaidi, na ladha hubaki. Mashine ya buchani hupita nyama ya kila aina tangu asubuhi, na mabaki ya mteja aliyetangulia hutoka na nyama yako. Kama huna njia nyingine, nenda mapema, chagua kipande chako kizima, omba mashine ioshwe, na simama pale pale nyama yako ikisagwa. Nyama iliyokwisha kusagwa na kupangwa kwenye sinia usiinunue kwa baga. Hujui ni ya saa ngapi wala imetoka sehemu gani ya ng'ombe.

Mashine ya mkono inayofungwa ukingoni mwa meza inatosha kabisa. Kata nyama na mafuta vipande vya sentimita 2 hadi 3, toa kano na utando mweupe wote, panga kwenye sinia bila kurundika, uweke kwenye friza dakika 30 hadi 40 mpaka kingo ziwe ngumu na katikati pabonyee. Weka humo pia shingo ya mashine, kisu chake na kisahani cha matundu. Kwa joto la pwani hatua hii haina mjadala. Mafuta yakipata joto hayakatiki, yanapakazwa. Utaona uji wa waridi ukitoka badala ya nyuzi nyekundu na nyeupe zilizotengana, na uji huo kikaangoni hutoa mafuta yote mara moja na kuacha nyama kavu.

Tumia kisahani chenye matundu ya milimita 4 hadi 6, saga mara moja tu. Upande bapa na mkali wa kisu uelekee kwenye kisahani, ukigeuza kinyume mashine inaponda badala ya kukata. Nyama ikianza kutoka polepole na maji yakivuja nyuma ya mpini, simama: kano imejizungusha kwenye kisu. Fungua, isafishe, endelea. Kulazimisha ndiko kunakoleta ule uji.

Asiye na mashine atumie visu viwili vizito juu ya ubao, nyama ikiwa imeganda nusu, akatekate mpaka vipande viwe kama punje za mchele. Inachukua kama dakika 15 kwa nusu kilo, mikono inachoka, na baga yake ni tamu ajabu. Blenda tumia kwa shida tu: gramu 200 kwa mara moja, ukibonyeza na kuachia, kubonyeza na kuachia. Ukiiacha izunguke mfululizo utapata ugali wa nyama.

SWALI: Idi ya kuchinja tunakuwa na nyama nyingi, mbichi kabisa, bado ina uvuguvugu. Mwaka jana nilisaga papo hapo, baga zikadunda kama mpira. Je, nyama ikiwa mbichi sana ni tatizo? (Msomaji, Mikindani)

JIBU: Kwa baga, ndiyo. Nyama ya mnyama aliyechinjwa muda huo huo ina uwezo mkubwa wa kunata na kushika maji. Baada ya saa kadhaa misuli hukakamaa, kisha taratibu hulegea tena. Kwa ng'ombe, saa 24 kwenye friji kabla ya kusaga zinaleta tofauti unayoiona kwa macho, na saa 48 ni nzuri zaidi. Gawa nyama vipande vya kilo moja moja ili baridi iingie upesi, usifunge mfuko ikiwa bado na joto, weka rafu ya chini kabisa isidondokee vyakula vingine. Siku yenyewe ya Idi pikeni maini, supu na pilau. Baga ziwe za siku ya pili au ya tatu.

Tuseme na jambo la kuosha, maana wengi wamelitaja. Nyama iliyokwisha kusagwa haioshwi kamwe. Kipande kizima, kama huna amani bila kukiosha, kioshe kabla ya kukikata, kisha kikaushe kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kisilowe tena, na usafishe sinki na kila kilichorushiwa maji. Maji yanayobaki kwenye nyama ni adui wa kwanza wa ukaangaji, na yanatawanya vijidudu jikoni.

SWALI: Vipi kuhusu papai bichi, kama tunavyolainishia mishkaki? (Msomaji, Newala)

JIBU: Hapana. Utomvu wa papai una kimeng'enya kiitwacho papaini kinachokata protini. Kwenye kipande cha mshikaki kinafanya kazi juu juu tu na kinasaidia. Nyama ya kusaga imeshakatwa yote, kwa hiyo papai linaingia kila mahali na kuifanya tope.

SWALI: Baga zangu zinavimba katikati kama mandazi, na zinakuwa ndogo kuliko mkate. (Kijana wa chuo, Mtwara)

JIBU: Nyama hupungua upana inapoiva. Kingo hukaza kwanza na kuusukuma ute wa nyama kuelekea katikati, ndipo panapovimba. Pima gramu 125, kusanya kwa vidole bila kukanda, bonyeza mpaka ipate upana wa sentimita 10 na unene wa sentimita 1.5. Mkate wako uwe wa sentimita 9. Kisha kwa kidole gumba tengeneza kishimo kipana katikati, chenye kina cha nusu sentimita. Nyama ikivimba itajisawazisha. Nyufa ndogo pembeni ziache, lakini ufa unaofika ndani ufunge, ndipo baga inapopasukia wakati wa kugeuza. Ukimaliza kuumba zirudishe kwenye friji angalau dakika 20, mwanangu, hapo hapo ndipo wenzako wengi wanapokosa subira.

SWALI: Nyama yangu inatoa maji kikaangoni, inachemka, inakuwa ya kijivu. Nikitumia mkaa inaungua nje na ndani mbichi. Nifuate njia ipi? (Msomaji, Mtwara mjini)

JIBU: Zote mbili zinafaa, lakini tukilazimika kuchagua tunachagua kikaango cha chuma kizito. Kwenye mkaa mafuta yote mazuri yanaishia majivuni, wakati kikaangoni nyama inakaangika ndani ya mafuta yake.

Ukoko wa hudhurungi ndio nusu ya ladha ya baga. Unatokana na sukari na chembe za protini kuungana kwenye joto, mmenyuko uliopewa jina la mkemia wa Kifaransa Louis-Camille Maillard, aliyeueleza mwaka 1912. Unakwenda kasi uso wa nyama ukizidi nyuzi joto 140 za Selsiasi. Maji yanachemka kwa nyuzi 100, na mradi yapo juu ya nyama, joto la hapo halipandi. Kijivu chako ni nyama iliyochemshwa. Sababu huwa tatu: nyama ilikuwa na unyevu, kikaango hakikupata moto, au umejaza.

Weka kikaango kitupu kwenye moto mkubwa dakika 4 hadi 5. Tone la maji likidondoshwa ligawanyike na kukimbia huku na huku. Kausha nyama kwa taulo ya karatasi, tia chumvi na pilipili manga, weka kijiko cha chai kimoja cha mafuta ya kula, laza baga. Kikaango cha sentimita 28 kisizidi baga tatu. Ukiongeza ya nne joto linaanguka na maji yanatoka kabla hayajapata nafasi ya kukauka. Usiiguse kwa dakika 3 hadi 4. Ikiwa bado imegandia, ukoko haujakamilika, kwani ukikamilika nyama hujiachia. Geuza mara moja, dakika nyingine 3 hadi 4. Wenye chizi waiweke dakika ya mwisho na kufunika.

Ule mtindo wa kuikandamiza baga kwa mwiko kila dakika uacheni. Mlio ule wa kuvutia ni mafuta yenu yanayoondoka. Kuna namna moja tu ya kukandamiza inayokubalika: bonge la gramu 70 hadi 80, la baridi sana, linawekwa kwenye kikaango chenye moto mkali bila mafuta, na kubonyezwa kwa mwiko bapa wa chuma mpaka unene wa nusu sentimita ndani ya sekunde 30 za kwanza. Wakati huo mafuta ya ndani hayajayeyuka, kwa hiyo hayapotei, na nyama yote inagusa chuma. Dakika 2 upande wa kwanza, uikwangue pamoja na ukoko wake, dakika 1 upande wa pili. Mbili kwenye mkate mmoja. Kwa mwenye jiko dogo la gesi, hii ndiyo baga rahisi kuliko zote kuifanya iwe tamu.

Wa mkaa asogeze mkaa wote upande mmoja wa jiko na kuacha upande wa pili mtupu. Asubiri mpaka mkaa ufunikwe na majivu meupe, hapo mkono uliowekwa juu ya wavu, kimo cha sentimita 10 hivi, haustahimili zaidi ya sekunde 2 au 3. Ukoko upatikane upande wa moto, dakika 2 kila upande, kisha baga ihamishiwe upande mtupu na kufunikwa kwa sufuria mpaka iive. Mafuta yakidondoka na ndimi za moto zikipanda, hamisha nyama. Usimwagie maji, yanarusha majivu juu ya chakula. Ule weusi wa moshi wa mafuta una uchungu na hauna ladha ya nyama choma mnayoitafuta.

SWALI: Video zinaonyesha baga nyekundu ndani. Ni salama? (Wasomaji kadhaa)

JIBU: Sisi tunasema isiliwe hivyo, na hapa hatuna utani. Kipande kizima cha nyama kina vijidudu juu ya uso wake, moto ukiugusa uso vinakufa. Ukisaga, uso unakuwa ndani. Mwaka 1993 nchini Marekani baga zisizoiva ziliwaugulisha zaidi ya watu 700 na watoto wanne wakafariki, chanzo kikiwa bakteria E. coli O157:H7, ambaye kwa mtoto mdogo anaweza kuharibu figo.

Nyama ya kusaga inatakiwa ifike nyuzi joto 71 katikati. Kipimajoto cha nyama kichomeke kutoka ubavuni, maana kutoka juu ncha hupitiliza hadi kwenye chuma na kukudanganya. Rangi si kipimo cha kutegemea: nyama inaweza kugeuka kahawia kabla haijafika joto hilo, na nyingine ikabaki na wekundu hata baada ya kuiva. Usiye na kipimajoto tengeneza baga nyembamba, sentimita 1 au zile za kukandamizwa, ambazo joto hufika katikati bila shida, na upasue moja kabla ya kupakua. Watu huogopa kwamba kuiva hivyo kunakausha nyama. Kwa asilimia 20 ya mafuta haikauki, ndiyo maana tumelisimamia jambo la kidari kwa urefu.

SWALI: Mikate ya dukani inasagika mkononi. Naomba vipimo vya kuoka mwenyewe, nina ufuta wa shambani. (Msomaji, Nachingwea)

JIBU: Ufuta wa shambani kwako utaifanya mikate hii inukie. Unga wa ngano gramu 500, hamira kavu gramu 7, sukari gramu 40, chumvi gramu 8, yai moja, maziwa ya vuguvugu mililita 270, siagi laini gramu 50. Ukitaka, badala ya maziwa tumia tui la pili, mkate unakuwa laini na unakaa siku mbili bila kukauka. Kanda dakika 10 hadi 12, siagi iingie mwishoni, mpaka unga ukivutwa utandazike bila kukatika haraka. Kwa joto la huku utaumuka ndani ya dakika 45 hadi 60, usiuache saa mbili kama mapishi ya nchi za baridi yanavyosema, utachacha. Gawa mabonge kumi ya gramu 90, yabonyeze yawe bapa kidogo, yaache dakika 30. Paka yai lililopigwa na kijiko cha maziwa, nyunyiza ufuta mbichi, usiokaangwa, kwani utakaangika ndani ya oveni. Nyuzi joto 190, dakika 15 hadi 18. Kwenye sufuria ya mkaa weka moto mdogo chini na mwingi juu ya mfuniko, anza kuchungulia dakika ya 15.

Wakati wa kula, kata mkate, paka siagi upande wa ndani na ubanike kikaangoni dakika moja. Utando huo mkavu ndio unaozuia mkate kulowa.

SWALI: Kachumbari inalowesha kila kitu. Na je, korosho zetu zinaweza kuwa sosi? (Msomaji, Tandahimba)

JIBU: Kachumbari ya baga ikatwe, itiwe chumvi, iachwe dakika 10, kisha ikamuliwe kwa mkono kabla ya kuongeza ndimu na pilipili mbuzi. Nyanya ikatwe duara nene, ikaushwe kwa karatasi. Kabichi au saladi ikae chini ya nyama ipokee mafuta yanayochuruzika, na nyanya ikae juu.

Korosho ni sosi bora kuliko mayonezi ya chupa, na kwa watu wa Mtwara na Lindi kununua mayonezi huku korosho zipo ndani ni hasara. Chukua gramu 100 za korosho zilizobanguliwa, zisizokaangwa. Ziloweke kwenye maji ya moto dakika 30, mwaga maji hayo, saga kwenye blenda na maji safi mililita 80, kijiko kikubwa cha maji ya limau, punje moja ya kitunguu saumu, nusu kijiko cha chai cha chumvi na kipande cha pilipili mbuzi bila mbegu. Saga mpaka ilainike kabisa, dakika 3 hivi. Ikiwa na chengachenga, korosho hazikulowa vya kutosha. Hapa ndipo pa kutia bizari nzima iliyokaangwa kavu, kama hamuwezi kuiacha. Inakaa siku tatu kwenye friji. Paka mkate wa chini na wa juu, mafuta yake nayo huzuia maji. Mwulizeni mgeni kwanza kama korosho zinamdhuru, wapo zinaowavimbisha midomo na koo.

SWALI: Mtwara kuchele! Nataka kuuza baga jioni. Nitayarishe mapema vipi, na umeme ukikatika nifanyeje? (Msomaji, Chikongola)

JIBU: Kuchele, ndugu yetu. Umba baga za sentimita 1, bila chumvi, zipange bapa kwenye sinia zikitenganishwa na karatasi, zigande, halafu zifunge kwenye mifuko na uandike tarehe. Zinakaa na ladha yake miezi miwili. Nyembamba hivyo zinapikwa zikiwa na barafu: chumvi juu, kikaango cha moto, ongeza dakika moja hadi mbili kila upande.

Kibandani tembea na boksi la barafu, nyama iwe kwenye vyombo vyenye mfuniko, barafu chini na juu. Toa baga ya mteja aliyepo tu. Nyama mbichi isikae nje zaidi ya saa mbili, na siku za joto linalozidi nyuzi 32, saa moja. Zilizoiva zikisubiri wateja ziwe mahali penye nyuzi 60 na zaidi, pembeni mwa kikaango, ingawa tunakushauri upike kwa oda, baga iliyosubiri robo saa imeshapoteza ukoko wake. Koleo la nyama mbichi liwe na rangi yake, la nyama iliyoiva na lake, ili hata msaidizi mgeni asichanganye.

Umeme ukikatika, usifungue friza. Ikiwa imejaa na imefungwa hushika baridi kama saa 48, ikiwa nusu saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Umeme ukirudi, angalia: nyama yenye chembe za barafu, au ambayo bado ni ya baridi chini ya nyuzi 4, inaweza kugandishwa tena. Ikiwa imelegea na ina uvuguvugu, itupe hata kama hainuki, kwa sababu vijidudu vinavyoleta ugonjwa si lazima vitoe harufu. Ujaze nafasi tupu za friza kwa chupa za maji tangu siku ya kwanza, zikishaganda ndizo zitakazokulindia nyama usiku umeme usipokuwepo.